TUFUNGUE DAFTARI: MTOTO WA KIDATO CHA KWANZA ANAJIFUNZA NINI?

Somo kwa kamati za sharika na marafiki wa dayosisi



Katika ziara zetu za robo mwaka hii tulikaa na kamati ya elimu ya usharika mmoja ulio jirani na machimbo, upande wa Geita. Ajenda ilikuwa michango ya wanafunzi wanaosaidiwa na usharika. Kabla hatujafika mbali, mzee mmoja wa kanisa aliinua mkono akasema, kwa upole lakini bila kuficha, kwamba yeye haoni faida. Kijana wa jirani yake aliacha shule akiwa kidato cha kwanza na sasa ana pikipiki. Mjukuu wake mwenyewe amebaki shuleni, yuko kidato cha pili, na kila jioni anarudi na madaftari ambayo hakuna mtu nyumbani anayeyaelewa. "Hebu tuambieni," alisema, "huko ndani wanafundishwa nini hasa?"

Tuliona haya. Tulikuwa na taarifa ya madawati, ya matundu ya vyoo na ya mabati, yote kwa tarakimu. Jibu la swali lake hatukuwa nalo. Majuma machache baadaye ikafika barua ya marafiki wetu wa ng'ambo, nayo inauliza jambo lile lile kwa maneno ya kiofisi zaidi. Ndipo tukaamua somo la toleo hili liwe hili. Tulikaa na walimu, tukaomba madaftari ya wanafunzi, tukayasoma ukurasa kwa ukurasa.

Kwanza tuelewane ni kipindi gani tunachokizungumzia. Wazee wetu waliosoma kabla ya Uhuru wanaikumbuka shule ya kati. Mtoto alisoma darasa la kwanza hadi la nne karibu na nyumbani, akafanya mtihani, na wachache waliofaulu wakaendelea darasa la tano hadi la nane, mara nyingi katika bweni la misheni. Mfumo huo uliondolewa miaka ya 1960, tukapata shule ya msingi ya miaka saba. Kwa hiyo shule ya kati kwa jina hatuna, lakini umri wake uko pale pale: darasa la sita na la saba, kidato cha kwanza na cha pili, mtoto wa miaka 12 hadi 15. Ndio umri wa kipaimara. Ndio pia umri ambao machimbo huanza kumwita kijana, na mahari huanza kutajwa nyumbani kwa msichana.

Swali la mzee yule si geni katika Kanisa letu. Mwaka 1530 Martin Luther aliandika hotuba ndefu ya kuwasihi wazazi wasiwaondoe watoto shuleni, kwa sababu wengi waliona kwamba biashara inaleta fedha haraka kuliko kitabu. Miaka sita kabla ya hapo, yaani mwaka 1524, alikuwa amewaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwauliza: kama mji unatoa fedha kila mwaka kwa ajili ya silaha, barabara na madaraja, unashindwaje kumlipa mwalimu? Tena hakudai mtoto akae darasani kutwa. Alipendekeza saa moja au mbili za shule, wavulana na wasichana, na muda uliobaki wajifunze kazi nyumbani. Alijua kabisa kwamba familia inakula kwa mikono ya watoto pia. Sisi tunaoishi kati ya pamba, ng'ombe na dhahabu tunamwelewa.

Sasa tufungue daftari.

Tulianza na Fizikia, kwa sababu mzee wetu alikuwa na wasiwasi nalo kuliko mengine. Katika kurasa za mwanzo tulikuta somo la densiti, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na nafasi kinayochukua. Mwanafunzi anajifunza kwamba sentimita moja ya ujazo ya maji ina gramu 1, ya mchanga wa mawe meupe gramu 2.65 hivi, na ya dhahabu gramu 19.3. Ndugu zetu wa mwaloni hawajasoma tarakimu hizi, lakini wanazitumia kila siku. Maji yakipita juu ya zulia la mwalo, mchanga unaondoka na dhahabu inabaki, kwa kuwa dhahabu ni nzito mara saba kuliko mchanga wa ujazo ule ule. Mtoto anayeelewa hilo anaweza kueleza kwa nini maji yakienda kasi mno dhahabu laini inapotea, na kwa nini jiwe lisilosagwa vizuri kwenye karasha linaondoka na dhahabu yake. Mzee alipoelezwa hivyo alicheka, akasema kumbe mjukuu anasomea kazi ya mjomba wake.

Kemia ndiyo iliyotushika zaidi. Kidato cha kwanza huanza na usalama wa maabara, alama za sumu, kisha michanganyiko na namna ya kuitenganisha. Hapa kwetu hayo si mambo ya maabara peke yake. Wachimbaji wadogo wengi wanakamata dhahabu kwa zebaki, kisha wanaichoma ili zebaki iondoke. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi. Ikichomwa kwenye kikaango cha nyumbani haipotei, inakuwa mvuke, na mvuke huo huvutwa na aliye karibu, mara nyingi mama aliyebeba mtoto mgongoni. Hauonekani wala haunuki. Unaobaki hewani hurudi chini na mvua, ukaingia mitoni na ziwani, na huko hugeuka kuwa aina nyingine ya sumu inayokaa ndani ya samaki.

Watu wa mji wa Minamata huko Japani walilijua hilo kwa uchungu. Ugonjwa uliotokana na zebaki ya kiwandani iliyomwagwa baharini ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, baada ya watu kula samaki wa ghuba yao kwa miaka. Mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki, uliokubaliwa mwaka 2013, ukapewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Tulimkuta msichana mmoja wa kidato cha pili ambaye, baada ya kipindi cha michanganyiko, alimkataza kaka yake kuchomea dhahabu jikoni. Hakuna mradi wetu wowote wa miaka hii uliofanya kazi hiyo kwa gharama ya daftari moja.

Baiolojia inafuata njia hiyo hiyo: afya na kinga ya mwili, seli, lishe, upumuaji. Vumbi la mwamba linalovutwa shimoni huharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika hivyo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Mwalimu anayefundisha mfumo wa upumuaji katika wilaya zetu hahitaji mfano wa kutoka mbali.

Hisabati ndilo somo linaloangusha watoto wengi kuliko mengine nchini, mwaka baada ya mwaka, nasi hatutaficha kwamba madaftari yake yalikuwa na alama nyekundu nyingi. Sehemu, desimali, asilimia, vipimo, uwiano, faida na hasara, kisha aljebra na jometri. Hebu kamati ijaribu hesabu hii. Tuseme vijana watano wamepata gramu 8 za dhahabu, na mwenye duara anachukua nusu. Gramu 4 zilizobaki wakigawana sawa, kila mmoja anapata gramu 0.8. Lakini mizani ya mnunuzi imesoma 7.6 badala ya 8. Gramu 0.4 zimepotea, ambazo ni asilimia 5 ya jasho lao, na hawajui. Tangu soko la madini la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, mchimbaji ana mahali rasmi pa kuuzia, penye mizani na bei inayojulikana. Hata hivyo mtu asiyejua desimali huisoma karatasi ya soko kama anavyoisoma ya mlanguzi. Pikipiki ya kijana wa jirani tunaifurahia. Tungefurahi zaidi kujua alipunjwa kiasi gani kabla hajaipata.

Masomo ya jamii tuyapitie kwa haraka, si kwa kuyadharau, bali kwa sababu ndiyo ambayo wazee wenyewe wanaweza kuyafundisha. Jiografia inazungumzia hali ya hewa, ramani, misitu na uchimbaji. Shinyanga ina somo lake la kujivunia. Mwaka 1986, mkoa ukiwa umekatwa miti hadi kuitwa jangwa, ilianzishwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Badala ya kuleta miti ya kigeni peke yake, ilirudisha desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti vipone. Zaidi ya hekta 300,000 zilirejea, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta huko Johannesburg. Babu aliyefunga ngitili yake anaweza kumweleza mjukuu Jiografia ya kutosha muhula mzima.

Historia nayo iko mlangoni. Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu enzi za Wajerumani, mwaka 1898. Mgodi wa zamani ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Almasi ya Mwadui iligunduliwa na Dk. John Williamson mwaka 1940. Mwaka 1958 watu wa Geita walikataa baraza la mchanganyiko wa rangi walilowekewa na serikali ya kikoloni, wakaandamana hadi Mwanza. Tuliwauliza watoto watano kuhusu mwaka huo. Hakuna aliyewahi kusikia. Sasa kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, tena linafundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo nafasi ipo. Kwa upande wa uraia na haki, ni vema kila mzazi ajue lile ambalo mtoto anaandika daftarini: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumia mtoto katika kazi za hatari, na machimbo yametajwa. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima juu ya watoto katika machimbo madogo ya dhahabu nchini, yakiwemo ya Geita na Kahama. Haikupendeza kuisoma.

Hadi hapa mtu atasema: kumbe mambo ni mazuri, tatizo liko wapi?

Tatizo tuliliona tulipowaomba watoto watueleze walichoandika. Msichana wa kidato cha kwanza alikuwa na daftari safi la Baiolojia, mwandiko wa kupendeza, kila kitu kimenakiliwa kutoka ubaoni. Tukamwomba atueleze ukurasa mmoja. Alinyamaza. Tukamuuliza kwa Kiswahili, "Mmea unajitengenezeaje chakula?" Uso ukamfunguka, akaeleza usanisinuru wote, jua, maji, hewa na majani ya kijani, kama alivyofundishwa shule ya msingi. Ukurasa ule ulikuwa unasema hayo hayo, kwa neno la Kiingereza lenye herufi 14. Elimu aliyokuwa nayo imefungiwa nje ya mlango, na yeye anafikiri ni mjinga.

Tukumbuke safari ya mtoto huyu. Vijijini kwetu wengi huanza darasa la kwanza wakiwa na Kisukuma tu. Wanajifunza Kiswahili, ambacho tangu mwaka 1967 ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Wanapoanza kukizoea vizuri, wanafika kidato cha kwanza na karibu masomo yote yanageuka kuwa Kiingereza baada ya majuma machache ya maandalizi. Hata Kiswahili chenyewe bado kina vita vyake. Kisukuma hakina sauti ya "r", na tulicheka pamoja na walimu tuliposoma insha ya mvulana aliyeandika kwamba baba yake "amepata mahari pazuri pa kujenga", na kwamba mwaka wa uchaguzi watu wazima "walipiga kula". Ni kicheko cha upendo. Wengi wetu ofisini tulipita huko. Lakini mtoto mwenye lugha tatu zisizokamilika hujibu mtihani kwa kukariri, na kinachokaririwa bila kueleweka hakimfikii kaka anayechoma zebaki jikoni.

Wako wanaosema tudai lugha ibadilishwe. Huo ni mjadala wa taifa, nasi tuna maoni tofauti hata humu ofisini. Mtoto wa usharika wako, hata hivyo, ana kipindi cha Fizikia kesho asubuhi.

Kitu cha pili kilikuwa tarehe. Tulipofuata tarehe za juu ya kurasa tuliona mapengo. Daftari moja liliruka siku 11, halafu 6, halafu 14. Mwalimu alitueleza bila hata kuangalia rejesta: mavuno ya pamba, mnada, kisha rashi ya dhahabu iliyotokea kijiji cha jirani. Katika Hisabati pengo la siku 14 si siku 14. Aliyekosa asilimia hataelewa faida na hasara, na asiyeelewa faida na hasara ataona muhula mzima ni kelele. Halafu unakuja Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, ambapo asiyefikia kiwango hurudia darasa, na wengi hawarudii. Wanaondoka. Taarifa zetu zilikuwa zikiandika "mtoro". Tungefungua daftari mapema tungemwona akiondoka miezi mitano kabla.

Hapa tukiri kosa letu. Kwa miaka kadhaa ofisi hii ilipima mafanikio kwa madawati na sare, na wafadhili walifurahi, nasi tulifurahi kwa kuwa walifurahi. Ada ya sekondari kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa tangu Januari 2016, kwa hiyo fedha zetu zilikwenda kwenye vitu vinavyohesabika. Hatusemi madawati hayana kazi. Tunasema hatukuwahi kumuuliza mtoto aliyekaa juu yake amejifunza nini, na swali hilo lililetwa na mzee ambaye yeye mwenyewe hakupata nafasi ya kwenda shule ya kati.

Muda nao hautusubiri. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa miaka sita na elimu ya lazima miaka kumi, hadi kidato cha nne. Watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 kwa mtaala mpya watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao wenzao wa mtaala wa zamani wanamaliza la saba. Makundi mawili yataingia kidato cha kwanza pamoja Januari 2028. Serikali inajenga, na wananchi wanachangia nguvu kazi kama kawaida. Lakini tufikirie darasa hilo: watoto wengi kuliko kawaida, baadhi yao wadogo kwa mwaka mzima, na mwalimu mmoja wa Hisabati ambaye hata leo hatoshi.

Kuna chombo ambacho kila usharika tayari unacho, nacho ni darasa la kipaimara. Watoto wa umri huu hukutana kanisani kila Jumamosi, mwinjilisti yupo, benchi zipo, ubao hupatikana. Katekisimu wanaisoma kwa Kiswahili na wanaulizwa, "Maana yake nini?" Luther aliweka swali hilo katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 baada ya kukuta watu vijijini hawajui hata Sala ya Bwana. Tunapendekeza baada ya somo la kipaimara watoto wabaki saa moja na nusu na madaftari yao ya shule. Asiwepo wa kuwafundisha upya; awepo mtu wa kuwauliza swali lile lile. Mtoto aeleze ukurasa wa juma hilo kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma kama ndiko anakoweza, kisha auseme tena kwa Kiingereza. Mwalimu mstaafu, muuguzi wa zahanati au kijana anayesubiri matokeo ya kidato cha sita anatosha. Milango iwe wazi kwa watoto wa madhehebu yote na wa dini nyingine pia, kwani machimbo hayawabagui. Wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito nao waitwe. Tangu Novemba 2021 serikali inawaruhusu kurudi katika shule za kawaida baada ya kujifungua, na bado tunakutana na wazazi wasiojua.

Kwa marafiki wanaotuchangia: gharama ya saa hizo ni chaki, kamusi mbili, seti za vitabu vya kiada na uji. Uji tusiuondoe kwenye bajeti. Tumejaribu bila uji, na tunajua walibaki wangapi.

Maswali ya kujadili katika kamati, kabla ya kikao cha robo ijayo:

1. Chukueni madaftari mawili ya Hisabati ya watoto mnaowasaidia. Mapengo ya tarehe ni mangapi, na siku hizo mtoto alikuwa wapi? Aulizwe yeye, si mzazi peke yake.

2. Nani katika usharika wenu anaweza kueleza asilimia, au kifua kikuu, au ngitili, kwa lugha ambayo mtoto anaielewa? Andikeni majina matatu.

3. Shule za sekondari za kata yenu zitapokea wanafunzi wangapi Januari 2028? Mwombeni mkuu wa shule makisio yake, mkaone kama benchi za kanisa zitawatosha siku ya Jumamosi.

4. Mzee wa kanisa akiwauliza, "Huko ndani wanafundishwa nini hasa?", mtoto gani mtamwita asimame ajibu?

Majibu yaletwe kwa maandishi kupitia ofisi za majimbo. Yule mzee wa upande wa Geita ametuma salamu: mjukuu alifanya hesabu ya mizani mbele ya wajomba zake, na Jumapili iliyofuata wawili kati yao walikwenda kuuzia sokoni.